Mama Rudi Nyuma na Mota Anayoidanganya

Saa saba mchana, lami imeanza kulainika kwa jua, na gari la mkate bado limeegeshwa mbele ya karakana. Funguo ziko mfukoni mwa fundi. Mwenye bekari anazitaka, na fundi hatoi.

"Mama, si tulikubaliana asubuhi?" analalamika mwenye bekari, mzee mnene mwenye unga kwenye nyusi, huku akijipepea kwa kofia. "Asubuhi kuna baridi, barabara haina watu. Saa hizi tungekuwa tumeshamaliza."

"Asubuhi hata mkokoteni unapanda mlima ule," fundi anamjibu bila kugeuka. Anaburuta mfuko wa mchanga na kuubwaga ndani ya gari, kati ya kreti za mkate. "Mtihani rahisi mpe mwingine. Mimi nataka huu."

Mtaa mzima unamwita Mama Rudi Nyuma, na si kwa heshima. Jina alilipata mlimani, siku gari hili hili, alilolitoa injini ya petroli na kulitia mota ya umeme, lilipofika katikati ya mwinuko likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Nguvu zikaisha. Likaserereka kinyumenyume hadi mtaroni, milango ya nyuma ikafunguka, mikate ikatapakaa barabarani. Watu walivunjika mbavu kwa kicheko kwanza, ndipo wakaja kusaidia kuokota.

Mwingine angehama mtaa. Yeye alinunua rangi nyekundu, akapanda ngazi, na kuliandika jina hilo juu ya mlango wa karakana yake kwa herufi kubwa kama za duka la dawa.

"Wakitaka kunicheka waje wanichekee hapa mlangoni, ili waone na namba ya simu," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu.

Leo lakini utani una mpaka. Mwenye bekari amesema bila kumung'unya maneno: gari likishindwa tena, mota inang'olewa na injini ya petroli inarudi mahali pake. Ikishang'olewa mbele ya mtaa mzima, hakuna mwenye gari mwingine atakayeikanyaga karakana hii. Fundi anajua hivyo, na ndiyo maana tangu asubuhi hajatia kitu tumboni.

Ndani ya gari, akiwa amebanwa na kreti, ameketi mhandisi mwenye kompyuta mapajani. Ni mke wa kaka yake fundi, kwa hiyo wanaitana wifi na kutupiana maneno kutwa nzima. Fundi husuka mota, yaani huzizungushia upya nyaya zake za shaba. Mhandisi huandika programu ya kidhibiti, kile kisanduku kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani na kwa wakati gani.

Mota yenyewe waliitoa kwenye foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, iliyotupwa. Ndani haina sumaku, ni shaba na chuma tu. Umeme wenyewe ndio unaozalisha nguvu ya sumaku ya kuizungusha. Wauzaji wa magari wamekuwa wakimshawishi mzee anunue mota ya aina nyingine, yenye sumaku, iliyofungwa kiwandani. Fundi akisikia hivyo damu humchemka.

"Ile ikifa unaitupa, unaagiza nyingine," anasema. "Hii ikiungua naifungua kwa mikono hii, naisuka upya, inarudi barabarani. Maisha yangu yote nimesuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Leo niambiwe ya gari hainihusu? Thubutu!"

Kwenye kona ya karakana kuna mota ya pili kama hiyo, imefunikwa turubai. Hakuna mteja aliyeiagiza. Mhandisi amekuwa akinung'unika kwamba inawajazia nafasi, na kila akiuliza ni ya nani, wifi yake humjibu kwamba ina mwenyewe, ila hajajijua tu.

Shida ya mota hizi ni kwamba kidhibiti hakioni ndani. Kinakisia. Na mota ikipata moto, umeme hupita kwa taabu zaidi, na makisio yaliyokuwa sahihi asubuhi yanakuwa uongo mchana. Hapo umeme hupelekwa visivyo, na nguvu hupotea zinapohitajika kuliko wakati wowote.

"Ni sawa na mpishi anayetia chumvi kijiko kile kile, wageni wawe wawili au arobaini," mhandisi anaeleza. "Mara ya kwanza tulilirekebisha gari likiwa juu ya jeki. Magurudumu yanazunguka hewani, mota ya baridi, mzigo hakuna. Mota iliimba! Wifi akacheza, mimi nikapiga picha. Kumbe tulikuwa tumempikia mgeni mmoja."

Siku hizi jeki ni ya kubadilishia tairi tu. Mhandisi ameandika upya programu ili isishikilie namba moja, bali ivumilie makosa: mota iwe ya moto au ya baridi, gari liwe tupu au limeshiba. Wasomi wenzake huita kazi hiyo udhibiti stahimilivu. Fundi huiita kuizoesha matusi.

Na kabla ya kila jaribio wana desturi yao. Fundi huendesha gari lenye mzigo huku akikanyaga breki kidogo, mpaka mota inachemka. Kisha mhandisi anakidanganya kidhibiti: anakiandikia kwamba mota ni ya baridi na gari ni tupu. Kikiweza kupanda mlima na uongo huo, ukweli hautakishinda.

"Umeidanganya?" fundi anauliza wanapofika chini ya mlima, gari likinuka joto. Mzee ameketi kando yake.

"Kidogo."

"Kidogo cha nini? Idanganye kama unavyomdanganya kaka yangu kwamba viatu ni vya zamani."

"Wifi, tafadhali. Leo si siku ya uongo mkubwa. Likishindwa tumekwisha."

"Likishindwa leo tumo wote ndani. Likishindwa siku nyingine, yumo dereva wa watu peke yake. Andika."

Mhandisi anaandika.

Gari linaanza kupanda kwa mvumo mwembamba. Kwenye milango ya maduka watu wamejipanga kama wanasubiri harusi. "Rudi nyuma!" mmoja anapaza sauti, na wenzake wanacheka. Fundi anampigia honi, kama mtu anayejibu salamu.

Katikati ya mwinuko, pale ambapo ukingo wa mtaro bado una kovu, anasimamisha gari.

"Mama, unafanya nini?" mzee anashtuka. "Si lilikuwa linapanda vizuri? Endelea!"

"Liliniaibisha hapa. Litaanzia hapa."

Anaachia breki na kukanyaga kidogo pedali ya mwendo. Gari linarudi nyuma. Kreti moja inaanguka kwa kishindo, mzee anafumba macho na kukumbatia mlango. Mtetemeko unapita chini ya miguu yao, ule ule wa siku ile. Fundi hakanyagi zaidi. Ameuacha mguu pale pale, midomo ameibana, jasho linamtoka shingoni.

Mtetemeko unapungua. Unaisha. Gari linashika barabara, linasimama kidogo kana kwamba linafikiri, kisha linaondoka, polepole, hadi juu. Nyuma ya kreti mhandisi analia, na anasema wazi kwamba analia.

"Lilirudi," mzee anasema baada ya kushuka.

"Kiganja kimoja."

"Lakini lilirudi."

"Hata wewe ukinyanyuka kitini unarudi nyuma kwanza, mzee wangu."

Mzee anajaribu kununa, anashindwa, anacheka mpaka unga unamdondoka. Anafungua milango ya nyuma, anaikagua mikate yake, anaukata mmoja vipande na kuwagawia. "Mota ibaki," anasema akitafuna. "Ila mvua ikinyesha tunapanda tena. Na lile jina pale mlangoni ulifute sasa. Rangi nitanunua mimi."

"Mvua na ije," fundi anasema. "Jina halifutwi."

Juu ya mlima kuna zahanati. Gari lake liliharibika injini zamani, sasa limekaa juu ya mawe, na wajawazito hupandishwa kwa pikipiki au kwa mikono ya ndugu zao. Mkunga ametoka hadi getini. Ameona yote. Anamuuliza fundi kama mota ya namna hiyo inaweza kuingia kwenye gari la wagonjwa.

"Mota yenu ninayo," fundi anamwambia. "Imekaa chini ya turubai inawasubiri."

Mkunga anatazama chini, pale kwenye kovu la mtaro. "Na ukiwa na mzazi ndani, gari likasimama pale katikati?"

"Dada yangu," fundi anasema, akijifuta mikono, "kwani ulidhani leo nimesimama pale kwa ajili ya mkate?"