Anayefyeka Njia Peke Yake

Octavian ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alisomea kompyuta, akarudi hapa Sikonge, akatutengenezea sisi wafuga nyuki programu ya simu: unapima ndoo ya asali, inaandika uzito, jina la mwenyewe na msitu ilikotoka. Hakutuuzia. Aliiweka wazi mtandaoni, anayetaka aichukue, aone ilivyoundwa, hata airekebishe. Vikundi vya Urambo na Puge vikaichukua. Shukrani zikaja nyingi. Pesa haikuja.

Jumamosi ya mauzo, programu ikagoma. Ndoo zetu zimepangwa juani, na mnunuzi aliyekuja na lori anasema bila orodha hapakii. Saa nane anaondoka. Nikampigia Octavian. Akaja na begi mgongoni na tiketi ya basi la Mwanza. Kapata kazi huko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Tuokoe."

Hakufungua begi. "Miaka mitatu nairekebisha bila senti. Mke wangu Flavia ana mimba ya miezi saba, na mwenye nyumba anataka kodi. Leo sigusi bure."

Mzee Ngassa, mfugaji mwenzetu, akapaza sauti: "Si wewe ulisema ni bure? Umeliona lori, ndiyo umepata pa kutukamatia!"

"Kuichukua ni bure, mzee. Kuitunza ndiyo kazi."

"Maneno ya mjini hayo!"

Watu wakacheka, kicheko kisicho kizuri. Dereva akawasha injini.

Mimi ni wa darasa la saba tu, kusema mbele za watu siwezi. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo, nikasimama.

"Mzee Ngassa, njia ya kwenda mizingani ni ya nani?"

"Ya wote."

"Na asiyekuja kuifyeka kabla ya kurina?"

Hapa kwetu huyo hutoa ndoo ya asali, waliofyeka wakagawana.

"Basi huyu kafyeka peke yake miaka mitatu. Sisi tunapita tu."

Ngassa akatazama lori, akatazama chini. Kisha akaburuta ndoo yake hadi miguuni pa Octavian. "Haya, mfyekaji. Kaa."

Wengine wakafuata. Zikafika sita.

Alirekebisha huku jasho likidondokea kompyuta. Saa nane kasoro dakika tano orodha ikatoka, lori likapakia, ndoo zake zikiwemo. Alipolipwa, akahesabu mara mbili: ya kodi ipo, na kidogo cha Flavia kujifungulia hospitali ya Kitete.

"Na Urambo? Na Puge?" nikamuuliza.

"Wameshachukua marekebisho ya leo, shangazi. Wameandika Mungu akubariki."

Akanikabidhi tiketi. "Msimu huu nabaki. Ujao msipofyeka, sitakuja hata kuaga."