Mchele wa Arusi ya Asmaa

Wifi yangu Mwatima alikuwa hawezi kuona watu wakila vibaya. Hilo ndilo la kwanza la kumwambia mtu asiyemjua. Akiingia nyumba yenye shughuli akakuta sufuria limekaa upande juu ya mafiga, hasalimii kwanza. Anavua buibui, analitupia kambani, anauliza, "Nani kaliinjika hivi? Hebu ondokeni." Na watu wanaondoka.

Kaka yangu Haji alimtoa Pemba, akaja naye hapa Mabawa akiwa mwembamba, hasemi na mtu. Mama yetu akasema huyu hajui hata kuchemsha maji. Ukatokea msiba mtaani, wapishi wakawa wachache, akashika mwiko. Tangu siku ile hapakuwa na arusi, hitima wala maulidi yaliyopikwa mtaani kwetu pasipo yeye. Na halipwi. Kwetu hatulipani kwa hayo. Leo unapika kwangu, kesho napika kwako, na siku yako ikifika watu wanakuja wenyewe na mbuzi zao za nazi na visu vyao, hujawaita.

Yeye siku yake aliijua zamani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Asmaa. "Siku ya Asmaa," akisema huku anakoroga pilau ya watu, "mtakula wali mpaka mshindwe kuinuka. Mtabebwa kwa toroli." Alilisema hilo toka mtoto hajaota meno. Hakuwa na haja nyingine duniani ninayoijua mimi. Nyumba yao ilivuja hakujali, kitanda kilivunjika mguu wakaegemeza tofali. Lakini mwanawe atoke nyumbani watu wameshiba wali, hilo alilishika kama roho yake.

Basi Asmaa akachumbiwa miaka ile mibaya.

Aliyeikuta anaijua. Asiyeikuta nimwambie: dukani hakuna kitu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya kupikia unayasikia kwa jina. Unga ukiletwa ni ule wa njano, nao unapanga jiwe lako kwenye foleni toka alfajiri, jiwe likusimamie wewe ukateke maji. Mchele ndio usiseme. Mchumba alikuwa kijana mzuri, Yakoub, fundi wa redio, mtoto wa Bi Turkiya wa Ngamiani. Wale ni watu wenye asili ya Oman, lakini hali yao ilikuwa kama yetu tu, kanzu moja ya Ijumaa. Arusi ikapangwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikimalizika.

Mwatima alianza kukusanya mchele mwaka mzima kabla. Kaka yake Shaib akimletea kidogo kidogo toka Pemba. Doti zake za khanga, zile alizokuwa hazivai kwa kuzionea huruma, akazipeleka moja moja kwa wanawake wa Mombo wenye mpunga, akarudi na mchele kichwani. Gunia la kwanza likajaa, likasimama chumbani kama mgeni. Akaanza la pili.

Mara ukaja msako. Redioni asubuhi walanguzi, jioni walanguzi. Ukikutwa na mali nyingi ndani ueleze umeipata wapi. Watu walitupa vitu vyao wenyewe kwa hofu, sabuni tuliokota mitaroni, sabuni ile ile tuliyokuwa tunaililia. Sasa gunia mbili za mchele chumbani kwa kuli wa gatini kama kaka yangu, nani atakuelewa ukisema ni za arusi? Haji usingizi ukamhama. Kila mlango wa jirani ukigongwa yeye anasimama.

Tukakaa uani kwao tuliseme jambo hilo, mimi, Mwatima na Rahila. Rahila nyumba yake na ya Mwatima zilishiriki ukuta. Ukipiga chafya huku unaombewa dua kule. Akasema:

"Tugawane. Kila nyumba ikae na pishi tatu nne. Nani atamuuliza mtu mwenye pishi nne? Siku ya shughuli kila mmoja anarudisha, tunapika."

Mwatima akasema, "Na nani ataniapia kwamba pishi yangu haijaingia chunguni kwake?"

"He! Kumbe unatuona wezi?"

"Nawaona wenye watoto."

Rahila alicheka, hakuwa mtu wa kununa. "Haya, mwenyewe. Ukikamatwa tutakuletea uji, ila utakuwa wa unga wa njano."

Nikamwambia wifi, mwenzio kasema neno la maana. Hakusikia. Mchele wake utalala kwake. Basi wakauchimbia, yeye na Haji, nyuma kule kwenye migomba. Wakazungushia nailoni, wakaweka bati juu, udongo juu ya bati, na magimbi wakapanda juu ya udongo. Nikasema, "Wifi, mchele na udongo havipatani." Akanijibu, "Nailoni hiyo hata bahari haipiti." Na masika ya mwaka ule yalinyesha yakasahau kuacha. Kila nikimgusia ananiambia magimbi yamestawi.

Ramadhani ikaingia ikatoka. Sasa kwetu kuna siku ya kuchagua mchele. Kabla ya arusi wanawake wanakuja kila mtu na ungo wake, mchele unamwagwa mkekani, mnakaa mnatoa mawe na chuya, mnapiga umbea, mnaimba, anayeolewa anafichwa ndani asisikie anavyosemwa. Walikuja wote. Hata Bertha alikuja, Mbondei wa Muheza, jirani wa nyumba ya tatu, Mkristo, na kila shughuli yetu yumo. Tukakaa na nyungo mapajani. Mchele hautoki.

Bertha akauliza, "Mama Asmaa, kulikoni? Tumekuja kuchagua mchele au kuchaguana sisi?"

"Subirini," Mwatima akasema. "Unachimbuliwa."

Wakacheka wakidhani mzaha. Haji akapiga jembe, akatoa bati. Harufu ilifika mkekani kabla ya gunia. Walipolivuta likachanika, na kilichotoka kilikuwa donge jeusi, linachuruzika. Mwatima akapiga magoti, akatia mkono mpaka kwapani, akitafuta palipo pakavu. Akalifungua na la pili, akatia mkono vile vile. Mtu mmoja akalaza ungo wake chini, na wengine wakalaza.

Tulimwosha mkono, tukamkalisha mkekani. Arusi ilikuwa keshokutwa na waalikwa ni mtaa mzima na watu wa Ngamiani. Hapo ndipo wanawake walipoanza kusema, kila mmoja lake, maana kupika kwa wengi ndiyo kazi tuliyoizoea, na kitu kikikosekana kinatafutiwa kingine.

Bertha akasema, "Kwetu Muheza muhogo upo mpaka ngiri wamechoka nao. Kesho nashuka nao. Wa nazi, na bizari, na samaki wa kukaanga juu."

"Mashelisheli yapo kwa shemeji yangu," Rahila akasema. "Mti mzima. Tunayachemsha, tunayatia tui zito. Na huo mchele wa kila mtu alionao nyumbani, kikombe kikombe, tukiupika mseto na choroko tunapata sinia za wazee na za wakwe."

Mimi nilisema bada. Na mpaka leo nasema bada. Unga wa muhogo upo, unasongwa, mchuzi wa papa wa nazi, kisamvu. Wazee wetu wa mwambao huu wameoana kwa bada kabla wali haujawa ndio shughuli.

Mwatima akaniangalia. "Wifi, mimi niliyelisha mtaa huu wali, arusi ya mwanangu niwasongee bada? Bi Turkiya awekewe sinia la bada mbele yake, arudi Ngamiani akasimulie?"

"Akasimulie kwamba kashiba."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akasema arusi haipo, itasogezwa, nyungo zetu tuchukue.

Kesho yake Bi Turkiya akaja mwenyewe, kajifunga mtandio, kafuatana na dada yake. Alikuwa mama mpole, anasema kama anayembembeleza mtoto.

"Bi Mwatima, mimi nimefuata binti, sikufuata wali. Wali hata mimi naishia kuuota. Tuleteeni kahawa na tende, tuwaozeshe watoto."

"Kwenu huenda zinatosha," Mwatima akasema. "Kwangu mimi watu wanakula."

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Turkiya akakaza mtandio wake, akasema, "Basi kama ulivyotaka, dada yangu," akaondoka. Dada yake ndiye aliyegeuka mlangoni akasema, "Tutakuja kula basi, ukipata cha kutulisha." Hilo lilimwingia Mwatima kuliko yote. Toka siku hiyo wali haukuwa wali tena, ukawa jibu.

Arusi ikasogezwa Mfunguo Tatu. Mfunguo Tatu ikafika, Shaib kaleta salamu kwamba huko nako hakuna. Ikasogezwa tena, haikutajiwa mwezi. Asmaa kimya. Mtoto aliyelelewa vizuri hamuulizi mama yake kuhusu arusi yake. Ila nilikuwa nikimkuta kakaa dirishani na ushonaji, nikimwuliza hujambo anasema, "Shikamoo shangazi," basi.

Halafu Yakoub akapatiwa kazi Maskati na mjomba wake aliyekuwa huko, na makaratasi yakaja kwa haraka. Aende sasa au nafasi ipewe mwingine. Wakaozeshwa siku ya kazi, baada ya adhuhuri, wanaume wachache ukumbini, kahawa na tende. Mwatima alikuwa jikoni kwa mazoea, kasimama, hana la kukoroga. Kwa aibu hakumwambia mtu. Asmaa na mumewe walipanda basi la Dar es Salaam alfajiri ya pili, na Rahila, wa ukuta mmoja, alizisikia habari kwa muuza maji. Alikuja akasimama mlangoni kwa Mwatima, akasema, "Hata kunishirikisha kigelegele?" Wanawake wale hawakumsusa, la. Lakini aliyenyimwa kuja siku yako hawezi kukaa na wewe kama zamani.

Sasa sikia dunia. Haikupita muda mrefu, biashara zikaachiwa. Mchele ukaja wa nje, mweupe, mrefu, magunia yamepangwa mpaka barazani pa maduka, hakuna foleni wala jiwe. Bei yake inauma, lakini upo. Mara ya kwanza tulipopita mbele yake mimi na Mwatima, alisimama akauchota, akaunusa, akaurudisha. Mwenye duka akamwuliza, "Nikupimie, mama?" Akasema, "Ulikuwa wapi?" Yule akadhani anaulizwa yeye, akajibu alikuwa stoo.

Asmaa akaja kututembelea akiwa na watoto wawili. Siku chache tu, mume hakupewa likizo. Nilidhani wifi yangu atakaa naye mkekani washibane. Yeye kabla mtoto hajafungua sanduku kashatuma watu kuulizia masufuria. Atawalisha watu. Mtaa mzima, na Ngamiani, na dada wa Bi Turkiya awe wa mbele.

Asmaa akamwambia, "Mama, mimi nishaolewa. Wanangu hawa hapa."

"Nyamaza. Siku yako haikufanywa."

Nasema haki yake: wali ule ulikuwa wali. Nimekula mwingi, sijala kama ule. Dada wa Bi Turkiya alikula akaongezwa, akashika mkono wa Mwatima akasema, "Umetulisha." Watu walisifu, wakajifutia mikono, wakaaga. Lakini siku zote zile za kupanga, kununua, kuomba masufuria, kutafuta kuni na mbuzi wa kuchinja, mama na mwana walionana kwa kupishana mlangoni. Asmaa akimwita, "Mama njoo ukae," anajibu, "Nakuja, ngoja nionje hili." Mtoto akawa anashinda kwangu. Usiku wa shughuli aliniambia, "Shangazi, nimekuja kumwona mama yangu, naona mgongo wake tu." Na siku ya pili yake masufuria yalikuwa hayajarudishwa kwa wenyewe, gari likaja kumchukua.

Hakurudi tena mama yake akiwa hai. Si kwa ubaya. Nauli, watoto, mume kuumwa, mambo ya watu wa mbali.

Gari lilipoondoka Mwatima alikuja kwangu, bado ananuka moshi. Akakaa kizingitini. Mimi namjua, hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa wa kuamrisha.

"Wifi. Alikaa hapa siku zote zile."

"Alikaa."

"Alikwambia nini mwanangu? Anaishije huko?"

Nikamweleza. Nyumba yao ina vyumba vingapi, jirani yake Mbaluchi anamfundisha mikate, yule mdogo alizaliwa kwa shida, wakamkata Asmaa tumbo, mkubwa anaogopa kuku. Kwamba joto la huko linamtoa malengelenge. Mambo yote anayoyajua mama mzazi mimi ndiye niliyekuwa nayo. Alisikiliza hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika mwisho akasema:

"Nianzie tena. Hapo pa kukatwa uliharakisha."

Nikamwanzia tena.