Mita Nne za Mzee Futi

Ukitaka kumuudhi Chokaa, mwambie mstari wake umepinda. Mtukane utakavyo, mwambie timu yake mbovu, mwambie hata mkewe hajui kupika, atacheka. Lakini mstari! Miaka ishirini na sita amekuwa akichora uwanja wa timu kabla ya kila mechi ya nyumbani, kwa ndoo ya chokaa, kigari cha tairi moja na kamba, mpaka watu wamelisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hata bintiye, ambaye siku hizi ni mwalimu na wanafunzi wanamwogopa, akipiga simu ofisi ya timu huuliza, "Chokaa yupo?"

Kazi yenyewe ukiitazama haina makuu. Unafunga kamba kwenye kigingi cha katikati ya uwanja, unaivuta mpaka iishe, unachoma kijiti. Unarudi, unaivuta upande wa pili mpaka iishe, unachoma kijiti kingine. Kamba moja, pande mbili. Ofisini kuna karatasi ya ligi inayosema uwanja huu una upana wa mita sitini na nane, lakini Chokaa hajawahi kuwa na haja nayo. Kamba yake ilikuwa ya mita thelathini na nne, basi, hesabu imekwisha.

Jumapili tunayoizungumzia, wiki mbili baada ya mwenye timu kuzikwa, mashabiki walikutana mchana chini ya jukwaa la mashariki. Walikuwa na jambo moja tu la kupigia kura: jukwaa hilo lipewe jina la marehemu, au lisipewe. Marehemu waliyekuwa wakimjadili aliitwa Mzee Futi. Alianza maisha kwenye cherehani, na hata alipokuja kumiliki maduka na timu nzima ya mpira, akikutazama tu anakutajia kiuno chako, na hakosei.

Chokaa alikuwa pembeni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaziba matundu ya nyavu za goli. Masikio yalikuwa kwenye mkutano.

"Miaka mitatu!" muuza nyama alikuwa anapiga kelele. Huyu ndiye mwenyekiti wa mashabiki, na sauti yake haihitaji kipaza. "Miaka mitatu hatujafungwa hapa nyumbani! Nani mwingine alitupa hicho kitu? Mpeni mtu haki yake."

"Na mwaka wa nne?" aliuliza Mama Bendera. Alikuwa muuguzi mstaafu, na bendera anayokuja nayo uwanjani inatosha kutandika kitanda cha watu wawili. "Mwaka wa nne wachezaji ni walewale, kocha ni yuleyule, uwanja ni huuhuu. Tukafungwa mechi saba hapahapa. Nieleze, mwenyekiti. Mimi nimesubiri miaka tisa nielezwe."

"Mpira una bahati yake, dada."

"Bahati gani inaondoka kama mpangaji? Alikuwa anahonga waamuzi. Alipochoka kuhonga, tukaanza kufungwa. Mtoto mdogo analiona hilo."

Mkutano ukagawanyika. Wengine wakasema marehemu hasemwi vibaya, wengine wakasema kufa si sabuni, hakumtakatishi mtu. Mmoja akakumbusha basi jipya alilowanunulia wachezaji. Mwingine akakumbusha kwamba basi hilo liliharibika njiani siku ya kwanza. Lakini kila walipozunguka walirudi palepale, kwa sababu swali la Mama Bendera lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jibu alikuwa nalo Chokaa.

Mambo yalianza siku bintiye alipokwenda chuo cha ualimu. Sanduku la chuma lilikuwa juu ya basi, kondakta anafoka, na hakuna kitu cha kulifungia. Chokaa akakimbia stoo ya uwanja, akakata kipande cha kamba yake, mita mbili hivi, akalifunga sanduku vizuri. Akajiambia, nitaongeza kesho. Kesho ikawa na mambo yake. Msimu ulipoanza, nyasi mpya zimefunika mistari ya zamani, akafunga kamba kwenye kigingi kama kawaida, akaivuta mpaka ikaisha. Mita mbili upande huu, mita mbili upande ule. Uwanja ukapungua mita nne, na mchoraji mwenyewe hana habari.

Timu wakati huo ilikuwa na mabeki wazee, wazuri wa akili, wazito wa miguu. Kwenye uwanja mwembamba hawakuwa na pa kukimbilia, na mawinga wa wageni kila wakigeuka mpira umeshatoka. Miaka mitatu!

Halafu asubuhi moja, kabla ya msimu wa nne, Mzee Futi alikuja peke yake, akasimama kwenye kibendera cha kona, akatazama.

"Fundi," alisema, "uwanja umebanwa kwapani."

Wakapima. Chokaa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Uachie," mzee alisema, kama fundi anayeagiza nguo iliyobana ipanuliwe.

"Bosi, tukiuachia tutaanza kufungwa."

"Tutafungwa sana. Uachie. Na usimwambie mtu, watakutoa roho."

"Na wewe si watakusema?"

"Mimi wananisema tangu nikiwa nakata suruali zao."

Ndio yakaisha. Hawakulizungumza tena mpaka mzee anakufa.

"Muulizeni Chokaa!" muuza nyama aligeuka ghafla. "Huyu alikuwa naye kila siku. Siri ya mtungi aijuaye kata. Chokaa, kaka, sema mbele za watu: marehemu alihonga au hakuhonga?"

Nyuso zote zikamgeukia. Chokaa akaona jinsi ilivyo rahisi kusema sijui. Akisema sijui, jina lake linabaki safi, na mzee anabaki mhongaji hadi watu hawa wote wafe. Akisema anachokijua, yeye ndiye atakayekuwa kichekesho cha mji, mchora mistari asiyejua kupima. Akaziweka nyavu chini.

"Hakuhonga," alisema. "Nilikosea uwanja."

Akawasimulia yote, la sanduku, la kamba, la asubuhi ile.  Alipomaliza, muuza nyama akainuka, akaingia uwanjani, na mkutano mzima ukamfuata, maana kusikia si kuona. Akasimama juu ya mstari wa pembeni, akapiga hatua mbili ndefu kuingia ndani.

"Hapa?" aliuliza. "Mwisho ulikuwa hapa?"

"Hapo hapo."

Muuza nyama akatazama kushoto, akatazama kulia. Mwingine akaenda kusimama upande wa pili, naye hatua mbili ndani, wakapigiana kelele katikati ya nyasi. Watu wakaanza kukumbuka. Yule winga mrefu aliyempiga teke kibendera kwa hasira! Yule kocha mgeni aliyekuwa akitembea kando ya mstari anahesabu hatua, nasi tukamzomea! Vicheko vikaanza, watu wazima wakapanga mstari kama wachezaji, wanajaribu kugeuka na mpira ambao haupo.

"Lakini kwa nini alinyamaza?" mmoja aliuliza. "Alikuwa anakulinda wewe, au analinda kombe tulilochukua miaka ile, tusinyang'anywe?"

"Mpaka leo sijui," alisema Chokaa. "Nilikuwa naogopa kumuuliza."

Mama Bendera hakucheka. Alikuja mpaka alipo Chokaa, akasimama karibu, kama anavyosimama muuguzi kando ya kitanda.

"Kaka. Ile siku nilimsimamisha getini, yuko na mkewe na wajukuu zake, nikamwita mwizi. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, dada."

"Ulikuwa mbali?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nafungua geti."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia."

 Mama Bendera hakuwa na hasira usoni, alitaka kujua tu, na hilo lilimuumiza Chokaa kuliko matusi.

"Na yeye alikutazama?"

Chokaa aliikumbuka vizuri siku ile. Mzee alikuwa amemtazama Mama Bendera, akatazama gari, akatazama viatu vyake, akatazama mawinguni.

"Hapana," alisema. "Alitazama kila mahali, isipokuwa kwangu."

Mama Bendera akatikisa kichwa polepole, kisha akanyoosha mkono juu, ingawa kura ilikuwa haijaitishwa. Muuza nyama akamwona, akanyoosha wake. Mikono ikafuata mmoja mmoja uwanjani pote. Chokaa aliuinua wa kwake mwisho kabisa, na aibu ikamzuia kuufikisha juu ya bega.