Sahani Hairudi Tupu

Marehemu mke wangu, Mwanasaumu, alisuka ukili wa mikeka bila kutazama mikono. Hapa Likoni ndivyo wasukavyo wanawake waliofundwa. Macho kwa mgeni, maneno mdomoni, vidole vyaenda vyenyewe kwenye miyaa. Siku niliyomwona ameinama, atazama, nilijua pameharibika.

"Vidole havinambii kitu, Baba Mwidani," alisema. "Kama vya mtu mwingine."

Miguu ilitangulia. Mwaka wa tisini na tano alishuka feri akaja mpaka nyumbani na kandambili moja. Jirani yetu Dhahabu ndiye aliyeona.

"Shoga, mwenzake yu wapi?"

Mwanasaumu akatazama chini. "Nimemwacha kwenye feri amsalimie nahodha."

Wakacheka. Kisigino chatoka damu, na mwenyewe hasikii.

Nikampeleka hospitali, ng'ambo ya feri. Daktari Gershom, kijana wa Taita, akamgonga magoti kwa kinyundo. Magoti yakanyamaza.

"Mama, kinga yako inashambulia mishipa yako ya fahamu."

"Kinga? Mwanangu, mimi sijavaa hirizi tangu utoto."

Kijana akacheka, kisha akaeleza taratibu. Ni kinga ya mwilini, ile ipiganayo na maradhi. Yake imekosea adui. Iko dawa, yatiwa mshipani polepole kama dripu, na chupa zake zimeletwa kwa msaada. Yaweza kumfaa, yaweza isimfae. Ikimfaa, itabidi irudiwe.

"Yatoka wapi?"

"Kwenye damu za watu, Mama. Maelfu. Inachanganywa, inasafishwa."

Mwanasaumu akainuka. Tukarudi nyumbani bila kutiwa dawa.

Nilidhani aogopa najisi. Nikamuuliza sheikh, akasema dharura ina ruhusa yake. Kumbe silo lililomkaa moyoni.

"Mtu akikuletea chakula, sahani humrudishii tupu," aliniambia. "Hawa hata majina siwajui. Nitawarudishia nini?"

Mtu hawezi kufunga kifungo, awaza sahani za watu! Nilinyamaza. Nilimjua.

Dhahabu hakunyamaza. "Shoga, wakikutia damu za watu wa bara utaamka wadai githeri!"

"Nitadai, na wewe ndiwe utakayenipikia."

Asubuhi yake akasema, "Wao wamenipa bila kunijua. Nami nitampa nisiyemjua. Twende kwa yule kijana."

Akatiwa. Wiki zikapita, kimya. Nikaanza kukata tamaa, yeye hakukata. Siku moja nampa gilasi ya chai, akapiga ukelele.

"Moto! Baba Mwidani, ni moto!"

Akaishika tena makusudi, huku acheka na machozi yamtoka.

Alirudi kwenye ukili. Akiusuka atazama, na akikosea afumua. Mkeka ulipokwisha akanibebesha, akauvusha feri, akautandika mwenyewe kwenye baraza ya hospitali, pale jamaa za wagonjwa walipolala juu ya saruji. Mama mmoja akamuuliza jina. "Lala, mwanangu," akamwambia, akaondoka.

Chupa hazikuja kila mara. Zilipokosekana, ganzi ilirudi, na miguu haikupona sawasawa. Hata hivyo kila alipotiwa, alisuka kitu kikaenda kulekule. Hakuacha mpaka mwaka huu, tulipomzika.

Sasa Dhahabu aniletea wali na mchuzi. Mimi kupika sijui. Jana nilichuma ndimu kwenye mti wa Mwanasaumu, nikazitia sahanini, nikampelekea.

Alizitazama, akajifuta uso kwa leso.

"Amekufunda," akasema.