Rafu Alizoziota Muthama

Muthama alikuwa mchongaji tangu ujana wake, na pale mtaani Mbotela alijulikana kwa mambo mawili: vigoda vyake vya miguu mitatu, na mdomo usiojua kupumzika. Alichonga huku akisimulia, na mteja aliyefuata kigoda aliondoka na hadithi pia. Ndiyo maana kiharusi kilipompata asubuhi moja ya Februari, tezo mkononi, watu hawakuulilia sana ule mkono uliolegea. Mkono ulipata nguvu baada ya miezi miwili. Maneno hayakurudi. Alimtazama mkewe Mbeti, akafungua kinywa, na kilichotoka kikawa "hii, hii, hii."

Hospitalini walieleza kwamba akili ni nzima na kila kitu anakielewa, ila njia ya kuyafikia maneno imeharibika. Subira ilihitajika.

Mwezi wa Mei Muthama akaanza kuamka usingizi wa mchana akiwa na haraka. Kwa ishara aliomba penseli, akachora kwenye kipande cha katoni: rafu juu ya rafu hadi darini, na chini yake mtu mdogo amenyoosha mkono. Kesho yake alichora vilevile, na kesho kutwa pia.

Mbeti aliona kwamba ni ndoto, lakini hakujua ya nini. Akaipeleka katoni kwa Jecinta, mwenzake wa kanisani. Jecinta alisema hivyo ni vitabu, na imeandikwa kwamba siku ya mwisho vitabu vitafunguliwa. Huenda mzee anaitwa atengeneze mambo yake. Mbeti alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Jioni hiyo alikuja Luseno, jirani wa nyumba ya tatu, mstaafu aliyekuwa amefanya kazi ya kupanga vitabu maktabani miaka thelathini. Alikuja kumjulia hali mgonjwa tu, akaiona ile katoni. Aliiangalia, akaanza kumuuliza Muthama maswali ya kujibiwa kwa kichwa. Ni maktaba? Ndiyo. Unatafuta kitabu? Ndiyo. Unakipata? Hapana. Unaogopa ukiwa humo? Hapana.

Luseno akamgeukia Mbeti.

"Shemeji, usilie. Kitabu kisipoonekana mahali pake, mara nyingi hakijapotea. Kuna mtu amekirudisha rafu nyingine. Unakitafuta polepole, na unakikuta. Huyu anaota akitafuta maneno yake, na anajua yamo humo humo."

Muthama aliposikia hayo machozi yalimtoka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Alimshika Luseno mkono, akakataa kuuachilia.

Tangu hapo Luseno akawa anakuja kila asubuhi baada ya chai. Hakumwonyesha vitu na kumuuliza ni nini, maana hilo lilikuwa likimtia Muthama hasira. Alimwimbia nyimbo za kanisani akaziachia katikati. Alimtajia miti anayoichonga. Wiki zikapita bila kitu. Siku moja akasimama mlangoni, akabisha, akasema kwa mzaha tu, "Mgeni njoo."

"Mwenyeji apone," Muthama akajibu.

Mbeti, aliyekuwa akichambua mchicha, aliketi chini sakafuni. Luseno hakutaka kusherehekea mapema. Alitupa methali nyingine, na nyingine, na Muthama akazimalizia zote, akijishangaa mwenyewe.

Kutoka kwenye methali walivuka taratibu hadi majina ya watu, kisha sentensi fupi. Jecinta alikuja kuomba radhi, na Muthama akamwambia, "Vitabu vilifunguliwa kweli." Walicheka mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa Novemba alipata maneno ya kutosha kumalizia kusimulia ile ndoto. Ilikuwa na jambo ambalo hakuweza kulichora. Karibu na mlango palikuwa na meza, na mtu amekaa hapo muda wote, akimwacha atafute bila kumwambia kwamba maktaba inafungwa.

"Ulikuwa wewe," alimwambia Mbeti. "Hukunifukuza."

 Mbeti alikuwa amedhani kwamba miezi ile yote hakufanya lolote zaidi ya kupika, kufua na kumkalia karibu.

Desemba Muthama aliomba nafasi ya kutoa shukrani kanisani. Binti yao Vivian alikuja kutoka mtaa wa Mowlem na watoto, na Luseno, ambaye si wa kanisa hilo, aliketi benchi la mbele na koti lake la harusi. Muthama alikuwa ameandaa sentensi tatu. Ya kwanza ilimshukuru Mungu, ya pili mke wake na jirani yake. Ya tatu ilimkimbia. Alisimama, mkono kwenye kiti, akiitafuta. Waumini walikaa kimya, hakuna aliyemsaidia wala kukohoa, hadi ilipomjia nyingine, ambayo hakuwa ameiandaa.

"Asanteni kwa kuningoja," alisema, akaenda kuketi.