Shikamoo Niliyomnyima

Kwenye nyumba niliyofanya kazi za ndani Bagamoyo mjini, waliniita mtoto wao. Nawachukia kwa neno hilo mpaka leo. Huyo mtoto wao alilala stoo, kati ya magunia ya mchele na ndoo za mafuta, na mlangoni palikuwa na pazia tu. Nilipoomba komeo, mama mwenye nyumba alicheka, akamwonyesha mumewe.

"Komeo la nini, mwanangu? Humu si sote ndugu? Huyu si baba yako?"

Simu yangu aliikalia yeye, na mapumziko nilipata siku aliyojisikia kunipa.

Ikafika harusi ya mpwa wake huko Msata. Akaondoka na wanawake wote wa nyumba, maana shughuli za kwetu haziishi siku moja. Lazima abaki mtu wa kumpikia baba, nikabaki mimi. Kesho yake, baada ya adhuhuri, yule mwanamume alisogeza pazia, akaingia, akanibaka. Halafu akaniambia nimpashie wali.

Nilikimbilia kwetu Makurunge. Mjomba, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi ile, hakwenda polisi. Aliitisha kikao. Wakaja wazee na kanzu zao zilizopigwa pasi, yule mwanamume katikati yao, wakanywa chai ya mama yangu, wakasema yamalizwe kifamilia. Ikasomwa fatiha.

"Haya," mjomba akaniambia, "mpe baba yako shikamoo, yaishe. Jumamosi urudi kazini."

Yule mwanamume alikwishainua kichwa, tayari kuitikia marahaba.

"Simpi," nilisema. "Si baba yangu huyu. Amenibaka, na nyinyi mnamkaribisha chai."

Mama alinifinya paja. Mjomba akasema sina adabu. Sawa, sina, na adabu yao waende nayo.

Wiki haijaisha, mjomba akampeleka mdogo wangu wa kike kwenye nyumba ile ile kushika nafasi yangu. Mama ndiye aliyemfungashia nguo. Nilipojua nilipanda gari la kwanza. Nikamkuta uani anamenya vitunguu, yule mwanamume amejikalia barazani, na mdogo wangu anamwitikia "abee, baba."

Nilimshika mkono, tukaenda moja kwa moja mpaka kituo cha polisi. Nikamweleza askari wa kike yote, mdogo wangu akisikiliza. Tulipotoka aliniuliza kama mama alikuwa anajua.

Nikamwambia anajua.