Apishe Aende Wapi?

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nashusha pumzi kana kwamba imepita sasa hivi.

Tulikuwa Kisarawe, miaka ile ya Ujamaa. Wazazi wetu walikuwa wametutoka wote wawili, nami nikaacha shule darasa la sita ili nimlee mdogo wangu, Mwanaidi. Nililima mihogo, nikafunga gunia nyuma ya baiskeli na kuteremka nalo sokoni. Njia yenyewe ilikuwa nyembamba na kali: upande mmoja ukingo wa udongo mwekundu kupita kimo cha mtu, upande wa pili korongo. Breki zilikuwa zimekwisha zamani. Nilisimamisha kwa kukandamiza gurudumu na katambuga, kiatu changu cha mpira wa gari.

Ningeweza kushuka nikakokota. Lakini nilikuwa na neno langu: "Pisha!" Nikishalitamka, nilijiona nimemaliza wajibu. Asiyepisha, shauri yake.

Asubuhi ile nilikata kona, nikapiga kelele yangu, na hatua chache mbele nikaona mtoto na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa Mwanaidi. Aliutazama ukingo, akalitazama korongo, akaruka korongoni. Mimi nikaanguka mbele kidogo, gunia likapasuka.

Nikamwita. Nikamwita tena, na hapo nilijiona sina mtu duniani. Ndipo sauti ikatoka kule chini:

"Kaka, mihogo yako inamwagika!"

Nilimkuta amekaa juu ya matawi ya mkorosho mchanga, goti limechubuka, ameloa chapachapa, mkononi ameshika muhogo. Nilicheka na kulia kwa pamoja, hata yeye akanishangaa.

Nilipompandisha njiani tulimkuta Bi Chausiku, jirani yetu muuza vitumbua, amesimama na sinia lake.

"Ulimwambia nini mtoto?"

"Shikamoo, bibi. Nilimwambia apishe."

"Shikamoo yako kaa nayo kwanza. Apishe aende wapi? Apande ukutani kama mjusi?"

Miaka yote ile sikuwa nimejiuliza.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikamweleza kosa langu bila kulipunguza, nikaomba kazi ya kujitolea ya Jumamosi ifanyike pale mteremkoni. Kazi hiyo nilikuwa naikwepa kila wiki.

"Kumbe Jumamosi unaijua!" akasema, akacheka.

Tukauchimba ukingo, tukatoa sehemu za kusimama, moja kila baada ya hatua chache. Kipimo chetu kilikuwa Bi Chausiku na sinia lake. "Nikienea mimi," alisema, akijibana humo ndani, "hakuna atakayekosa nafasi Kisarawe nzima." Kule juu tukasimika magogo mawili karibu karibu, ili mwenye baiskeli asipite bila kushuka. Wa kwanza kushuka nilikuwa mimi, na vijana wakanizomea: "Leo breki zimepona?" Niliwaacha wanizomee. Moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Mwanaidi sasa yuko Mlandizi, ana wajukuu. Nikimtembelea na zawadi ya mihogo, husema, "Hii haijamwagika?" Namshukuru Mungu kwa mzaha huo.

Nayasema haya kwa sababu nakuona na pikipiki yako. Honi yako, mwanangu, ni ile ile "pisha" yangu. Kabla hujaipiga, mtazame aliye mbele yako: je, ana pa kukanyaga? Kama hana, wewe ndiye wa kusimama. Na siku mtakapokaa mtaani kwenu kupanga barabara, msianze na upana wa gari. Anzeni na mama mwenye mzigo kichwani, muone atasimama wapi.

Mungu akufikishe uendako, na kila utakayempita njiani naye afike kwao akiwa mzima.